Kikohozi cha Kaka Said na Dawa ya Selvi

Wanangu, juzi Ruqaya, mjukuu wa marehemu dada yangu, aliniletea video kwenye simu. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kasimama jikoni kwake, muziki unapiga, anatwanga kitu katika kinu ambacho bado kina karatasi ya dukani. Anatuambia hiyo ni siri ya Watamil tangu enzi na enzi, na kwamba kikohozi kikavu kitaondoka kabla ya alfajiri. Kisha anakunywa, anafumba macho, anatabasamu. Hakukohoa hata mara moja tangu video ianze, kwa hivyo sijui alipona nini.

Chini yake Ruqaya kaandika, "Shkm bibi, kweli hii?" Salamu ya heshima imenyofolewa irabu zote kama kuku, lakini nashukuru kwamba kauliza. Wengi wenu hamuulizi, mnanunua kinu.

Basi nitajibu, na atakayechoka kusoma asikilize. Mimi nilikuwa nesi wa kituo cha afya hapa Ibra, Omani, tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya chumba cha kifua, wanakokuja watu wa pumu, watu wa vumbi, watu wa shisha, na wale wa kikohozi kikavu kisichotoa kitu ila kelele. Ninayoyajua ya kikohozi hicho, kidogo nimefundishwa chuoni. Mengine nimeyapata kwa Selvi, na yaliyobaki nimeyapata kwa kaka yangu Said, ambaye ni kielelezo cha kila kitu ambacho mgonjwa asikifanye. Simsengenyi. Nilimwambia nitaandika, akasema niandike, mradi nisimwite mzee.

Selvi alikuwa nesi mwenzangu, Mtamil wa Madurai, kusini ya Uhindi. Mfupi, mwenye sauti ya kunadi samaki, na kama kuna mtu aliyewaambia kuwa wauguzi wa Kihindi ni wanyenyekevu, basi hakumjua Selvi. Alikuwa akijisifu asubuhi na jioni. Kwao, alisema, nyumba isiyo na sanduku la viungo vya dawa ni nyumba isiyo na bibi. Kiarabu chake kilikuwa cha Ibra kabisa, na Kiswahili alikiokota kwa wagonjwa wetu, watu wa kutoka Unguja na Pemba kama mimi, waliokuwa wakimsema mbele ya uso wake kwa kudhani haelewi. Alikuwa akiwaacha wamalize, akiwafunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, kisha anawaambia, "Shikamoo, mama. Sasa vuta pumzi." Nimeona watu wazima wakitamani ardhi ipasuke.

Zamani kituoni tuligawa dawa ya maji ya kikohozi kama sherbeti ya harusini. Kila aliyeingia akikohoa alitoka na chupa. Baadaye madaktari wakapunguza mkono, wakasema dawa zile haziwasaidii wengi, na watoto wadogo zinawadhuru. Wagonjwa walikasirika. Kwao ziara bila chupa haikuwa ziara. Hapo ndipo Selvi alipopata soko.

Alichowafundisha kilikuwa hiki. Tangawizi kavu, mbegu za giligilani nyingi kuliko tangawizi, na pilipili manga kidogo. Vikaangwe kavu kwa moto mdogo mpaka vinukie, vitwangwe, visiwe vumbi. Chukua kijiko cha unga huo uchemshe na maji na sukari guru. Kwao hutumia ile ya mvumo, nyeusi, yenye harufu ya moshi, lakini hata ya muwa inafaa. Unywe kwa kulamba, wala si kwa kugugumia. Watamil wanaita *sukku malli kaapi*, na ingawa *kaapi* ni kahawa, wengi wao hawatii hata punje ya buni. Wakati wa kulala, maziwa ya moto yenye bizari ya manjano na pilipili manga iliyopondwa. Na wenye koo linalowasha kama limepitiwa na sufi, aliwapa kijipande cha urukususu, ule mzizi mtamu, wautafune taratibu. Nje ya dirisha letu alipanda kwenye kopo la maziwa mmea mmoja wa majani manene yenye manyoya, unaonuka kama kile kiungo cha ajwaini. Jani moja katika maji ya moto, basi. Mbuzi wa jirani aliula wote, na Selvi akasema mbuzi yule hatakohoa maisha yake.

Mara moja aliamua kukaangia pilipili katika chumba chetu cha chai, dirisha limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Moshi ukapita chini ya mlango mpaka ukumbini. Watu waliokuja kufungwa vidonda wakaanza kukohoa, mama wajawazito wakapiga chafya, daktari wa meno akatoka machozi yanamtiririka. Kituo kizima kilikohoa, na aliyekuwa akikaanga dawa ya kikohozi alikuwa kasimama katikati anauliza kwa nini hatufungui madirisha. Kwa hivyo, Ruqaya, sharti la kwanza: kaangia nje. Kijana wa video hakulisema hilo kwa sababu hakukaanga.

Sasa niwaambie ya kaka Said.

Kaka yangu alistaafu wizarani Maskati akarudi Ibra na mkewe Rahma, na pamoja nao ikaja ile hali ya mtu aliyezoea kufunguliwa mlango. Tumezaliwa nyumba moja Unguja, tumekuja huku utotoni na masanduku yaleyale, lakini ukimsikiliza utadhani yeye alikuja na ndege yake. Nguo zake dobi alikuwa Mhindi, bustani yake mkulima alikuwa Mhindi, gari lake fundi alikuwa Mhindi, na maneno yake juu ya Wahindi sitayaandika. Dawa alizoziheshimu ni zile zilizoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Alianza kukohoa kipindi alichokuwa akimposea binti yake Muna, au niseme Muna alipoposwa. Mchumba alikuwa Khalfan, mwalimu wa hesabu, kijana wa Birkat al Mauz, kule chini ya mlima kwenye migomba. Kikohozi chenyewe kilikuwa kikavu, kama mtu anayegonga mlango asiyetaka kufunguliwa. Said akala asali ya mlimani. Akala vidonge vya kunyonya vya Ujerumani. Akanunua mashine ya kutia unyevu hewani, akailaza karibu ya kichwa mpaka ukuta ukaota kuvu. Nilimwambia aje kituoni apimwe.

"Kituoni?" akasema. "Nipange foleni na wafuga mbuzi wa Dima?"

"Wafuga mbuzi wa Dima hawakohoi, kaka. Unakohoa wewe."

Hakuja. Ikafika siku ya akdi, ya kufunga ndoa, nyumbani kwake. Wanaume wako sablani, yaani ule ukumbi wa wageni wa kiume, na sisi wanawake tuko ndani na spika, tusikie. Kadhi akamaliza dua na maneno yake, akamtaka Said, aliye walii wa binti, atamke. Tukasikia, "Nimekuoza bin—" kisha koho, koho, koho. Akaletewa maji. "Nimekuoza binti yangu Mu—" koho. Muna kakaa katikati yetu na hina mpya mikononi, anatazama spika kama anayeiapiza. Said akajaribu tena, na safari hii hakufika hata kwenye "nimekuoza".

Kadhi, mtu wa busara, akasema sheria inaruhusu walii kuweka wakili, na ndugu yetu mdogo Hamad yuko hapo hapo. Lakini Said na Hamad wana ugomvi wa zamani juu ya nani alimwuguza baba zaidi, na Said alikuwa radhi afe kwa kikohozi kuliko Hamad amwozee binti. Akatikisa kichwa. Halwa ikaliwa bila ndoa, na watu wa Birkat al Mauz wakapanda magari yao.

Kabla ya magharibi maneno yalikuwa yamekwisha kurudi. Bibi yake Khalfan kasema ulimi wa walii ukifungwa ni Mungu ndiye aliyeufunga. Baba yake Khalfan kasema hivi: mtu asiyetaka kumtoa mwanawe aseme, asijifanye mgonjwa. Wakatoa muda wa mwezi ujao, na usipotimia, kila mtu ashike njia yake.

Muna hakulia. Aliingia chumbani kwa baba yake na hina yake, akasimama. "Baba, mimi nampenda huyu mtu," akasema. "Na wewe kaa na mashine yako." Kisha akatoka. Said alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilimwona kaka yangu kaogopa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mlete huyo Mhindi wako."

Nikamleta Selvi mchana wa Jumamosi. Said kakaa kwenye kochi kama balozi. Alipomwona tu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Ndiye huyu? Huyu atanipikia mchuzi gani?"

"Mchuzi wa kukunyamazisha, mzee," Selvi akajibu kwa Kiswahili, akaweka mkoba wake juu ya meza ya kioo. "Shikamoo."

Rahma, wifi yangu, akakimbilia jikoni ili acheke huko.

Selvi akamwuliza maswali kama tunavyouliza. Homa? Hapana. Damu? Hapana. Umekonda? Rahma akaitikia toka jikoni kwamba hilo silo. Unavuta? Hapana. Una sukari? Hapana. Una presha?

"Presha ni maradhi ya watu wasio na nidhamu," Said akasema. "Mimi sina."

Selvi alikuwa na kipimo ndani ya mkoba. Lakini alikuwa na majivuno yake pia: alidai anaisoma presha ya mtu usoni. Akamtazama Said usoni, akaridhika. Akampikia *sukku malli kaapi* pale pale, na kwa koo akamwachia kifungu cha mizizi ya urukususu, atafune kijipande tu. Said akanywa amempa mgongo, ili isemwe kwamba hakunywa mbele yake. Baada ya muda akapumua. Akamaliza habari nzima ya televisheni bila kukohoa.

Mngemwona siku zilizofuata. Kinywaji alikinywa, lakini mzizi ndio aliopenda, kwa kuwa ni mtamu na unatafunika mbele za watu kama mswaki. Alitafuna asubuhi, alitafuna msikitini mlangoni, akaagizia mwingine kwa muuza viungo wa sokoni Nizwa. Aliyeambiwa kijipande alikula msitu. Kikohozi kilitulia na kurudi, kilitulia na kurudi. Lakini alijiona kapona, na ndipo alipoamua kwenda Birkat al Mauz kuwaomba radhi wakwe, akitafuna njia nzima, Hamad ndiye anayeendesha kwa sababu hakupatikana mwingine.

Huko, katikati ya kahawa, kichwa kikaanza kumgonga, uso ukawa kama bamia iliyoiva vibaya, akashika ukingo wa mto wa kuegemea asianguke. Hamad hakungoja ruhusa. Akambeba, yeye na Khalfan, wakamtia garini, wakamleta moja kwa moja kituoni kwetu kwa vile Said mwenyewe alikuwa akirudia jina langu tu. Alipita mbele ya wafuga mbuzi wote wa Dima, miguu inaburuta, na wao wakampisha kwenye foleni bila kuambiwa. Nimelikumbuka hilo zaidi kuliko mengine.

Nilimfunga kipimo. Sitawatajia namba. Nitasema tu kwamba nilimpima tena mkono wa pili nikitumai kipimo kimeharibika.

Daktari Thuraya, binti wa Ibra hapa hapa, akaingia. Akauliza anatumia dawa gani. Said akasema hatumii. Akamwuliza tena polepole. Hatumii. Hapo Rahma, aliyekuja nyuma na teksi, akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha vitamini, akakimimina juu ya meza ya daktari. Vidonge vilivyomwagika havikuwa vitamini.

"Anavipata kwa rafiki yake wa Dubai," Rahma akasema. "Rafiki yake ana presha, na yeye ana presha, wakagawana kama tende. Mimi nimeambiwa nisiseme. Nimechoka kutosema."

Tunasema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa kaka yangu alitangulia mke, na hiyo ndiyo bahati yake.

Daktari akageuza kidonge kimoja, akakisoma. Akatueleza kwamba dawa za jamaa hii ni nzuri kwa presha, ila wapo watu zinaowaletea kikohozi kikavu, na hao hubadilishiwa wakapewa nyingine. Lakini wa kubadilisha ni daktari aliyeiandika, na hii haikuandikwa na daktari yeyote. Kisha akauona mzizi uliochungulia mfukoni mwa kanzu yake ya dishdasha. Akauchomoa kwa ncha za vidole. "Na hii," akasema, "inapandisha presha." Yaani kaka yangu alikuwa akijikohoza kwa vidonge vya siri, kisha akitibu kile kikohozi kwa kitu kinachopandisha presha ile ile aliyoificha. Fundi stadi asingelipanga vizuri zaidi.

Selvi alisimama mlangoni. Sijapata kumwona amekasirika vile.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza mbele ya watu," Said akajibu kwa unyonge.

"Ulitaka nikuulize wapi? Chini ya maji?"

"Na wewe, Sister," Daktari Thuraya akamwambia, "kipimo ulikuwa nacho." Selvi hakusoma tena presha ya mtu usoni tangu siku ile, wala hakumpa mtu yeyote urukususu bila ya kumfunga kitambaa kwanza.

Said akalazwa, presha ikashushwa, akaandikiwa vidonge vingine. Daktari akamwambia kikohozi hakitakatika siku moja, kitaondoka kidogo kidogo. Muda wa wakwe ulikuwa unakaribia. Selvi akatoa mizizi yote nyumbani kwa Said, hata ile aliyoificha ndani ya viatu, akabakisha tangawizi, giligilani na pilipili manga, na sukari guru kiduchu. Daktari akaonyeshwa, akanusa, akasema hiyo haina neno. Khalfan, ambaye siku ile alikuwa kashika miguu ya mkwe wake mtarajiwa kutoka sablani mpaka garini, aliwaambia wazee wake kwamba mtu yule hajifanyi, yeye kambeba na anajua uzito wake.

Siku ya akdi ya pili Said aliingia sablani na chupa ya chai ya moto kwapani. Selvi tulikaa naye ndani, kavaa sari ya hariri, na spika ile ile. Kadhi akasoma, akanyamaza. Tukasikia kifuniko kinafunguliwa, tukasikia kaka yangu akilamba. Halafu akasema yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na jina la Muna kalitamka kwa utulivu kana kwamba analiweka mahali pake. Khalfan akajibu amekubali. Muna akainama, na safari hii alilia.

Sasa kilio hakijakauka, tukasikia sauti ya baba yake Khalfan ikiuliza kwa mzaha, "Sheikh Said, ni nini hiyo kwenye chupa?"

Na kaka yangu, wanangu, kaka yangu niliyekua naye na kumfulia, akasema, "Dawa. Ya Ujerumani."

Rahma akaficha uso. Selvi akamaliza halwa iliyokuwa mkononi, akajifuta vidole.

Ila Mungu hachelewi. Vumbi lilikuwa jingi wiki ile, na wiki iliyofuata baba yake Khalfan akaanza kikohozi chake mwenyewe, akampigia simu mkwe mwenzake: amletee ile ya Ujerumani. Said akanipigia mimi, mimi nikampelekea Selvi simu.

"Imekwisha," Selvi akamwambia. "Agiza Ujerumani."

Said akabembeleza. Alipoona haifai akaja mwenyewe kituoni, akasimama mlangoni pa chumba cha kifua, foleni nzima inamsikiliza. Selvi akamwambia ataipika, na ataipeleka Birkat al Mauz kwa mkono wake, ampime mgonjwa presha kwanza na kumsikiliza kifua, kwa sharti moja: aseme mbele ya wakwe dawa inaitwaje na ni ya nani.

Tukaenda sote. Pale sablani, kwenye kahawa, mbele ya bibi yule aliyesema habari ya ulimi kufungwa, aliyeletwa mlangoni kusikia, Said akakohoa kidogo, akasema, "Inaitwa *suku mali kapi*. Ni ya Kitamil. Ni ya Sister Selvi." Baba yake Khalfan akacheka mpaka akakohoa, na Selvi akafungua mkoba na kutoa kipimo.

Kwa hivyo, Ruqaya, jibu lako: ni kweli, inatuliza. Haiponyi kilicho chini yake. Kikohozi kikizidi wiki tatu, au kikija na damu, homa, kukonda au pumzi fupi, zima simu uende kwa daktari, na umwambie kila unachomeza, hata cha siri. Mtoto asiyetimiza mwaka usimlambishe asali. Mwenye presha aache urukususu.

Selvi amekwisha kurudi kwao. Said yupo, mzima, na hakohoi. Ukimtembelea leo atakutilia *sukku malli kaapi* kwenye kikombe cha kahawa na atakusahihisha unavyolitamka jina. Anasema matamshi ya Selvi mwenyewe yalikuwa na kasoro kidogo.